Miche Milioni, Msitu Uko Wapi?

Mhadhara uliotolewa Mafinga, mkoani Iringa, mbele ya watumishi wapya wa misitu, wanafunzi na wenyeviti wa vijiji vinavyopakana na mashamba ya miti

Kamwene! Kamwene tena, nyuma sijawasikia. Haya, kaeni.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie maisha ya kila siku ya mtumishi wa misitu. Amenipa nusu saa na mada ndogo tano. Nimezisoma zote, ni nzuri. Wanaonifahamu wameshaanza kutabasamu, wanajua nitaishia kwenye moto. Ni kweli, nitaishia kwenye moto. Haya nimeyasema Njombe, nimeyasema Tukuyu, nimeyasema Mbeya mbele ya wakubwa wakiwa wanachezea simu, na nitayasema mpaka mtu anishike mkono anionyeshe huo msitu.

Historia ya shamba la miti la Sao Hill siwapi. Wazee walioko hapa wanajua majaribio ya 1939, wanajua ule upandaji mkubwa wa miaka ya sabini na themanini, na wengine walikula mshahara wa kiwanda cha karatasi Mgololo tangu kilipoanza 1985. Tuendelee.

Vijana, toeni simu, tufanye hesabu. Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Misindano, yaani mipaini, tunaipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inaingia miche 1,111. Gawanyeni. Mmepata ngapi? Hekta 1,350 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ni hekta 13,500. Sao Hill, shamba kubwa la miti kuliko yote ya serikali, lina zaidi ya hekta 50,000 zilizopandwa. Maana yake halmashauri nne tu, nne, zikitimiza agizo kwa miaka kumi, zinakaribia kutupa Sao Hill nyingine. Na halmashauri za Nyanda za Juu peke yake mnazijua zilivyo nyingi. Sasa nauliza: msitu uko wapi?

Namwona ndugu yangu wa mipango pale anataka kunyoosha mkono. Anataka kusema miche mingine inakwenda mashuleni, mingine kando ya barabara, mingine kwenye viwanja vya watu, huwezi kuihesabu kwa hekta. Sawa. Toa nusu. Ukitaka toa robo tatu. Bado kitakachobaki ni msitu ambao mtu angeuona akipita na basi la Mbeya. Mimi napita na basi la Mbeya, sijauona.

Miche ilipandwa, hilo silibishi, kwa kuwa mingine niliipanda mwenyewe. Nimeona malori yakishusha viriba, nimeona mgeni rasmi akikabidhiwa jembe lililofungwa utepe, nimeona kwaya. Yaliyofuata ni mbuzi, nyasi, jua na moto. Na tarehe nayo! Siku ya kupanda miti kitaifa ni 1 Aprili. Kwa wenzetu wa pwani na kaskazini masika ndiyo yamepamba moto. Kwetu mvua imeanza Novemba, Aprili inaaga. Mche uliopandwa Aprili hapa Mafinga unapata wiki chache za maji, Juni unapigwa sakitu, ile baridi ya kugandisha umande, halafu unaingia kiangazi ukiwa hauna mizizi ya maana. Ndiyo maana bwana miti mwenye akili wa huku kwetu anapanda Desemba na Januari, anabakiza michache ya sherehe. Msicheke, andikeni.

Tatizo liko kwenye fomu. Kuna ofisi moja niliitumikia miaka mingi, siitaji. Fomu yake ya robo mwaka ilikuwa na safu ya miche iliyooteshwa, safu ya miche iliyogawiwa, safu ya miche iliyopandwa. Basi. Hakuna mahali pa kuandika mingapi iko hai. Nikaongeza safu yangu kwa kalamu, fomu ikarudishwa kwamba nimeiharibu. Ni sawa na mkunga aulizwe kila mwezi amezalisha watoto wangapi, na ole wake akitaja kliniki.

Kwa hiyo mtumishi mpya anayeingia leo anafundishwa na fomu kwamba kazi yake ni Januari, mwezi wa kupanda. Nawaambia kazi yenu ni Februari, na kazi yenu ni Septemba.

Februari nitaipitia haraka. Saa moja asubuhi unapanga vibarua, kila mtu anapewa kipande chake. Wanapalilia duara la mita moja kuzunguka mche. Wewe unapita nyuma yao, si kwa gari, kwa miguu, kwa sababu kutoka kwenye gari nyasi zote ni kijani na mche nao ni kijani. Nyasi za Mufindi mnazijua, wiki tatu za mvua zinamfika mtu kiunoni. Palizi isipofanyika mwaka wa kwanza na wa pili, unachokuza pale ni kuni za moto wa mwaka wa tatu. Hakuna mgeni rasmi anayekuja kwenye palizi, na hakuna kwaya. Ukirudi jioni suruali imelowa, unaandika taarifa, na taarifa haina safu ya palizi.

Septemba ndiyo penyewe.

Sakitu ya Juni na Julai imeshakausha majani, upepo umeanza, na kila mtu bondeni anaandaa shamba. Kinga za moto, zile njia zinazosafishwa ili moto usivuke, ulitakiwa uwe umezilima na kuzichoma tangu Mei na Juni, umande ukiwapo. Kama fedha za kinga zilikuja Agosti, na mara nyingi zinakuja Agosti, Mungu akusaidie. Mtu yuko juu ya mnara toka asubuhi, anazungusha macho. Kikosi kimekaa kivulini na pampu za mgongoni na matawi ya kupigia, wanacheza bao. Mkaguzi akifika siku hiyo anaona watu wanacheza bao. Ndugu mkaguzi, hao wako kazini.

Na hapa ndipo wanapokosea wanaodhani moto unazimwa na kikosi. Kuna hadithi ambayo wengine mmeisikia, vumilieni, hawa vijana hawajaisikia.

Kulikuwa na kijiji, upande mmoja wa shamba nililokuwa nasimamia, ambako moto ulitoka kila mwaka. Bonde lile lile, wiki zile zile. Walionitangulia waliweka doria, walikamata watu, walipeleka vijana mahakamani. Moto ukawa unatoka usiku badala ya mchana. Hayo ndiyo mabadiliko waliyoyapata.

Nilipohamia pale sikuitisha mkutano. Mkutano wa bwana miti na kijiji mnaujua: wanaume wanakubali kila kitu, mtendaji anaandika muhtasari, mnapiga makofi. Nilienda msibani. Alikuwa amefariki mzee mmoja, nikakaa na wanaume, nikala ugali na maharage. Wakati wa kuondoka mama mmoja wa makamo akanifuata njiani. Akaniuliza, "Bwana miti, zile kuni zetu mlizozichoma, zilikuwa na kosa gani?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Mwaka mmoja nyuma kitalu, yaani kipande cha shamba la miti, kilichopakana nao kilivunwa. Magogo yakachukuliwa, matawi na vilele vikabaki chini, rundo kwa rundo. Akina mama wakaingia kuokota. Walinzi wakawafukuza, wakawanyang'anya mizigo, kwamba ni mali ya serikali. Sawa, mali ya serikali. Wakakaa. Miezi michache baadaye wakaona moshi: serikali imelipa vibarua wakusanye yale matawi na kuyachoma moto, ili kuandaa eneo la kupanda. Akina mama wamesimama upande wa pili wa kinga, wanaangalia kuni za mwaka mzima zinaungua, nyumbani wanapikia mabua. Yule mama akamalizia hivi: "Ninyi mkichoma mnaandaa shamba. Sisi tukichoma ni wahalifu."

Nani hapa ana jibu? Wewe una jibu? Mimi sikuwa nalo.

Tukafanya kitu kidogo sana. Kila kitalu kikivunwa, kabla ya kuchoma mabaki, kijiji kinapewa siku mbili kwa wiki za kuokota, mzigo wa kichwani, bila shoka, na daftari linakaa kwa mjumbe, siyo kwangu. Gharama yake kwa serikali ni sifuri. Kwa kweli ni chini ya sifuri, kwa sababu vibarua wa kukusanya walipungua. Kwenye ukingo wa shamba tukaruhusu watu watundike mizinga. Mwenye mzinga wake ndani ya msitu hahitaji semina ya moto.

Septemba iliyofuata simu yangu ikalia saa nane mchana. Yule mama. "Bwana miti, huku bondeni kuna moshi, na siyo wa jikoni." Mtu wetu wa mnara alikuwa hajauona, bonde lile linajificha nyuma ya kilima. Tunafika, moto bado uko kwenye majani, haujavuka kinga, na wanakijiji wako pale wanaupiga na matawi mabichi. Mtu alikuwa anasafisha kinyungu chake, bustani ya bondeni, upepo ukamzidi. Na safari hii hakukimbia! Alikuwa amesimama pale pale, nyusi zimeungua, anapiga moto na wenzake. Miaka yote ya doria watu walikuwa wanakimbia, moto unabaki peke yake, sisi tunafika umeshaingia kwenye misindano, na misindano michanga ganda lake ni jembamba, ukiungua chini umekufa.

Halafu lile ambalo hakuna anayelitaja: kulinda majivu. Moto ukizimika watu wanapiga picha wanaondoka. Kisiki kinabaki kinafuka chini kwa chini. Kesho kutwa upepo unarudi, na msitu unaungua kwa moto uliokwisha kuandikwa kwenye taarifa kwamba umezimwa. Kwa hiyo mnalala pale, mnafukua visiki, mnafukia kwa udongo, mnapapasa kwa mkono kama bado kuna joto. Safari ile walinzi wa majivu walikuwa wanakijiji, zamu kwa zamu, na waliotuletea uji ni wale wale akina mama wa kuni.

Sasa mapingamizi. Kijana wangu mwenye kompyuta pale ataniambia siku hizi kuna satelaiti, inatuma ujumbe. Nzuri, itumieni. Lakini satelaiti inaona moto uliokwisha kuwaka, na inapita juu yetu mara chache kwa siku. Yule mama aliona moshi ukiwa wa debe moja. Ndege nyuki, yaani droni? Nzuri pia, wakati betri ina chaji na upepo wa Septemba hauipeperushi kwenda Kilolo.

Mwingine atasema, "Mzee unatetea wahalifu, sheria ipo." Sheria ya Misitu ya 2002 naijua, nimesimama nayo mahakamani. Kuna watu wanachoma kwa chuki, kwa kisasi cha kunyimwa kibali cha kuvuna, na hao wakamatwe. Ila wa kukuambia ni nani aliyechoma kwa chuki ni jirani yake, na jirani haongei na mtu aliyemnyang'anya kuni.

Na ninyi wa gwanda. Naona mmependeza, vyeo begani, mnapiga saluti mpaka ukumbi unatikisika. Zamani tuliitwa bwana miti, leo ni afande. Sina ugomvi na gwanda, majangili wa mbao wana mapanga na wengine wana zaidi ya hayo. Ila jioni livue, vaa shati, nenda dukani kanunue sabuni, salimia watu. Afande anakimbiwa, na anayekimbiwa hapigiwi simu saa nane mchana.

Wenzetu wa Rungwe mko wapi? Ninyi mnaolinda msitu wa asili, kule watafiti walikomkuta kipunji, yule kima, mwaka 2003, nawaonea huruma kuliko wote. Kule msitu ulikwishapandwa na Mungu, hamna mche wa kuhesabu. Mkifanya kazi vizuri mwaka mzima hakuna kilichotokea. Robo mwaka mnaandika nini kwenye ile fomu? Mtaniambia baadaye, nje.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimebakiza mada ngapi? Nne? Haya.

Uvunaji: unapima kipenyo mita 1.3 kutoka ardhini, siyo pale mnunuzi anapokuonyesha. Nyundo ya serikali, ya kugonga alama kwenye magogo, inalala na wewe, hailali kwenye gari la mfanyabiashara. Fuso inayopita getini usiku wa manane ina sababu ya kupita usiku wa manane, shuka, hesabu mbao na hati. Inatosha.

Wenye vitalu binafsi, na humu ndani ni wengi: msipeleke kwenye dingdong, zile mashine ndogo za kupasua mbao, miti ya miaka saba. Najua ada ya shule haisubiri. Basi uza michache, ile ya kupunguzia, mingine iache ifike miaka 18 na kuendelea. Mbao ya mti mchanga inapinda chini ya bati la mteja, na mwaka unaofuata bei ya Mufindi yote inashuka kwa ajili yako. Hili lilihitaji saa nzima, sina.

La mishahara ya vibarua naliruka, siyo kwamba ni dogo, ila nikilianza hatutakula.

La mwisho ni mikaratusi kwenye vyanzo vya maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kwenye maji. Siyo hatua 60 za mtoto wa shule, ni mita. Wenyeviti, mnajua nani amepanda wapi, wengine mmepanda wenyewe, na sitataja bonde. Bwana maji yuko safu ya pili, ameshaanza kucheka, ana picha zenu. Maswali ya mikaratusi muulizeni yeye. Ya moto leteni kwangu, tuanze na yule mama mwenye kitenge cha njano, amenyoosha mkono muda mrefu.