Hesabu ya Bosi: Usafiri wa Arusha Kutoka Reli Hadi Bodaboda

Wazee wangu shikamooni. Wadogo zangu, habari za jioni.

Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na hapa Arusha mwaka 1929. Treni ya abiria ilisimama miaka mingi, ikarejea Arusha 2020, na nilifurahi sana. Lakini reli haimtoi mtu Sakina kumpeleka soko la Kilombero. Ndani ya mji watu walikwenda kwa miguu, mwenye nafuu kidogo kwa baiskeli.

Uchumi ulipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia, na Hiace zikawa vifodi vyetu, yaani daladala. Kifodi kilitusaidia mno, ila kina njia yake. Mji nao haukusubiri barabara: watu walijenga Morombo, Olasiti, Moshono, mahali ambapo masika gari dogo linakwama. Huko ndiko bodaboda ilikopata kazi. Mwaka 2010 kanuni zikaruhusu pikipiki na bajaji zipewe leseni ya kubeba abiria, lakini vijiwe vilikuwa vimeshajaa.

Sasa nawaomba mmwangalie kijana wa kijiweni. Pikipiki si yake, yuko kwenye mkataba. Kila jioni anapeleka hesabu, yaani fedha waliyopatana, kwa bosi mwenye pikipiki, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta ni juu yake, pancha ni juu yake. Akichelewesha siku chache, chombo kinachukuliwa, hata kama amebakiza miezi miwili kiwe mali yake. Saa moja usiku hesabu haijatimia: atakataa kupakia mishikaki, abiria wawili au zaidi kwa pamoja? Atasubiri taa ya barabarani iwake kijani? Na konda anayemwacha denti kituoni asubuhi anasukumwa na hesabu hiyohiyo, maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo na siti ni moja.

Tunawakamata vijana, tunawapiga faini, kesho yake wanarudi vilevile kwa sababu deni la jioni liko palepale. Inaniuma, maana wodi za mifupa zimejaa watoto wetu.

Wenye hizi pikipiki ni walimu, watumishi, wafanyabiashara. Wengine mmo humu ukumbini. Hesabu iwe ya wiki, si ya siku. Mkataba uandikwe, nakala ibaki ofisi ya serikali ya mtaa. Na siku chombo kiko kwa fundi, hesabu isidaiwe. Hilo la mwisho mnaweza kulianza kesho.