Bima ya Maisha: Redio Haijui Nani Anakutegemea

Mwenyekiti wa jumuiya, wazee wetu, kina mama, ndugu na vijana mliofika: shikamooni, asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Nimeombwa kuzungumzia jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza pembeni, misibani na harusini. Mmemsikia Dave Ramsey, yule mshauri wa fedha wa redioni hapa Marekani, akisema bima ya maisha yote ni unyonyaji mtupu. Kisha wakala amekuja sebuleni kwenu na makaratasi yake, akasema hiyo hiyo ndiyo njia ya kujenga mali ya familia. Mmebaki katikati.

Jibu langu nalitoa sasa hivi. Kwa wengi wenu mliomo humu, wenye watoto wadogo, mkopo wa nyumba, na wazazi wanaongoja fedha kule Moshi, Mombasa au Bukavu, Ramsey yuko karibu zaidi na ukweli kuliko yule wakala. Nasema hivi nikiwa mtu wa bima mwenyewe, ninayelipwa kwa kamisheni. Lakini ushauri wake una pengo, na pengo hilo liko pale pale maisha yetu wahamiaji yalipo.

Kwanza tuwekane sawa juu ya bidhaa zenyewe. Bima ya muda unainunua kwa miaka maalumu, 10, 20 au 30. Ukifariki ndani ya miaka hiyo, uliowaandika wanalipwa. Ukiimaliza ukiwa hai, mkataba umekwisha na hakuna cha kurudishiwa. Bima ya maisha yote haina mwisho madhali unalipa, na sehemu ya ada yako hujenga akiba ndani ya mkataba, ambayo unaweza kuikopa au kuichukua ukiuvunja. Kwa mtu wa miaka 35 mwenye afya, asiyevuta sigara, bima ya muda ya miaka 20 ya dola 500,000 huwa takriban dola 25 hadi 35 kwa mwezi. Bima ya maisha yote ya kiasi hicho hicho mara nyingi huvuka dola 400. Ugomvi wote unatoka kwenye tofauti hiyo.

Ramsey, kutoka Nashville, husema: nunua ya muda, miaka 15 hadi 20, mara 10 hadi 12 ya mapato yako ya mwaka, na fedha inayobaki iwekeze. Kozi yake hufundishwa makanisani, na najua baadhi yenu mmeipitia. Suze Orman, mshauri mwingine wa fedha, ambaye kipindi chake kwenye televisheni ya CNBC kilidumu kuanzia 2002 hadi 2015, naye anaipendelea bima ya muda, ila yeye hutaja kiasi kikubwa zaidi, mara 20 hadi 25 ya mahitaji ya mwaka. Hebu tazameni hapo. Watu wawili mashuhuri, wote wanakubaliana juu ya aina ya bima, lakini mama anayepata dola 50,000 na kuzitumia zote, mmoja atamwambia nusu milioni inatosha na mwingine atamwambia milioni moja. Hawakukosea hesabu. Hawamjui tu huyo mama.

Wenzangu wengi wa kazi hii huudhika wakisikia majina hayo. Husema hawa ni watumbuizaji, hawana leseni, wanaharibu kazi za watu. Mimi nawaomba wenzangu wakumbuke historia yetu. Huo usemi wa kununua bima ya muda na kuwekeza tofauti haukuzaliwa redioni. Uliuzwa nyumba kwa nyumba na mawakala wa bima. Arthur Williams, kocha wa mpira wa Kimarekani katika shule za Georgia, alifiwa na baba yake, na bima iliyoachwa haikuitosha familia. Mwaka 1977 akaanzisha kampuni iliyowashawishi watu wavunje bima za maisha yote wachukue za muda. Kampuni hiyo ndiyo Primerica ya leo. Kwa hiyo ugomvi huu ni wa ndani ya nyumba yetu wenyewe, na pande zote mbili zina mtu anayelipwa. Hata Ramsey, anayewaelekeza wasikilizaji wake kwa Zander Insurance kwa miaka mingi, ana uhusiano wa kibiashara na wakala huyo. Hilo si kosa. Ni jambo la kulijua tu kabla hujampigia mtu simu.

Wakala wa bima ya maisha yote atakwambia maneno ambayo tunafundishwa sote: bima ya muda ni kupanga nyumba, bima ya maisha yote ni kununua yako. Maneno matamu, lakini hayashiki. Hitaji la bima lenyewe lina umri. Mtoto wako wa miaka mitatu hatakuwa na miaka mitatu milele. Mkopo wa nyumba utaisha. Ikiwa hitaji ni la miaka 20, kulipia ulinzi wa miaka 60 si umiliki wa chochote.

Na muulizeni analipwaje. Katika bima ya maisha yote, kamisheni ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni zaidi ya nusu ya ada yote ya mwaka huo. Ukilipa dola 430 kwa mwezi, mwaka mzima ni dola 5,160, na zaidi ya dola 2,500 zinaweza kwenda kwa aliyekuuzia. Bima ya muda ya dola 30 kwa mwezi ni dola 360 kwa mwaka, hata angepewa zote. Sisemi kila wakala ni mwizi. Nawajua mawakala waaminifu ambao wangekukatalia wewe mteja kuliko kukuuzia kisichokufaa. Ila kishawishi ni kikubwa, na mteja ana haki ya kukiona.

Kinachoniuma zaidi ni bima zinazokatika njiani. Kijana anauziwa mkataba wa dola 400 kwa mwezi, mwaka wa tatu anapunguziwa saa kazini, anashindwa kulipa, na akiba ya ndani bado ni ndogo sana kwa sababu gharama za mwanzo zimeila. Amelipa maelfu, amebaki mikono mitupu, na watoto hawana ulinzi. Tatizo hili ni la zamani sana. Mwaka 1844 Mmarekani aitwaye Elizur Wright alifika London akaona wazee wakiuza bima zao kwa mnada, kwa sababu hawakuweza tena kulipa ada na kampuni hazikuwarudishia kitu cha maana. Wright alikuwa mpigania ukomeshaji wa utumwa, na mnada ule ulimkumbusha minada ya watu. Alirudi Massachusetts akapigana miaka mingi, na mwaka 1861 jimbo hilo likapitisha sheria ya kumlinda mwenye bima asipoteze kila kitu akishindwa kulipa. Mtu huyo simchoki kumtaja. Ulinzi mlio nao leo kwenye mikataba ya Marekani umetoka kwa mtu aliyeona wazee wakidhalilishwa akakataa kunyamaza.

Sasa niseme pale wenzangu wanapokuwa na haki dhidi ya redio.

Kuwekeza tofauti ni ushauri mzuri kwa anayewekeza. Katika vikao vyangu nauliza, ile tofauti iko wapi? Mara nyingi imekwenda kwenye gari, au imetumwa nyumbani kwa ada ya shule ya mtoto wa ndugu. Kutuma nyumbani ni wajibu, siwalaumu, lakini basi tusihesabu fedha hiyo kama uwekezaji.

Halafu kuna ile asilimia 12 ambayo Ramsey huitaja kwa mifuko ya hisa. Tangu 1926 hisa za kampuni kubwa za Marekani zimekua kwa takriban asilimia 10 kwa mwaka, kabla ya kutoa mfumuko wa bei na gharama. Ile 12 ni wastani wa kujumlisha na kugawanya tu. Mwaka huu ukipoteza asilimia 50 na mwakani ukapata asilimia 50, wastani ni sifuri, lakini dola 100 zako zimekuwa 75. Weka dola 400 kila mwezi kwa miaka 20: kwa asilimia 12 utaona takriban dola 395,000, kwa asilimia 7 utaona 208,000 hivi. Mzee anayepanga kurudi Tanga kujenga ajue anategemea hesabu ipi.

Na kuna familia ambazo bima ya kudumu inazifaa kweli. Mwenye mtoto mwenye ulemavu atakayehitaji uangalizi hata mzazi akiwa na miaka 80, hitaji lake halina miaka 20. Washirika wa biashara wanaotaka mmoja akifa mwenzake aweze kuwalipa warithi, nao pia. Wakili na mtu wa bima wakae pamoja nao. Kwa walio wengi, kitu ambacho redio hukitaja kwa nadra ni haki ya kugeuza: bima nyingi za muda hukuruhusu, ndani ya miaka fulani, kuihamisha kuwa ya kudumu bila kupimwa afya upya. Ukipata kisukari ukiwa na miaka 44, kifungu hicho kinaweza kuwa ndicho mlango pekee uliobaki wazi. Kitafuteni kwenye mkataba kabla ya kutia saini.

Mtu ataniuliza, mbona hawa mashuhuri wanaruhusiwa kushauri mamilioni bila leseni? Kuhusu uwekezaji, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mwaka 1985, katika kesi ya Lowe, kwamba mchapishaji anayetoa ushauri wa jumla, usiomlenga mteja mmoja, hahesabiwi kuwa mshauri anayepaswa kusajiliwa. Kwenye bima, leseni za majimbo zinamhusu anayeuza na kujadiliana na mteja. Kwa maneno mengine, anaruhusiwa kusema kwa sababu hasemi na wewe. Naomba hilo mlishike kuliko yote.

Maana mtu wa redioni hajui kwamba wewe una kaya mbili, ya hapa na ya kule. Mara 10 ya mapato imehesabiwa kwa mke na watoto wa nyumba moja. Haikumhesabu mama yako anayeishi kwa dola 200 unazotuma kila mwezi. Hajui kwamba fomu ya maombi itakuuliza hali yako ya uhamiaji na safari unazopanga, na kwamba katika miaka miwili ya mwanzo kampuni ina haki ya kurudi kuchunguza majibu yako. Ukificha kwamba unakwenda Goma kila mwaka, anayeadhibiwa ni mjane wako. Waislamu wenzetu nao wana swali ambalo halijibiwi kwenye vipindi hivyo: mwaka 1985 jopo la fiqhi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lenye makao Jeddah liliamua kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu haifai kisharia, likaruhusu ile ya ushirika wa kusaidiana. Takaful ya maisha, yaani hiyo bima ya Kiislamu ya kusaidiana, si rahisi kuipata hapa. Mwenye swali hilo akae na sheikh wake, na wakala asimcheke.

Sisi tunachanga. Msiba ukitokea, kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huo huo, na mwili unasafirishwa. Naionea fahari desturi hiyo. Lakini mchango huishia kwenye mazishi. Baada ya arobaini watu wamerudi makazini, na mjane anabaki na kodi ya nyumba, mtoto wa darasa la pili, na simu za wakwe. Bima ni kwa ajili ya miezi hiyo ambayo hakuna anayeiundia kundi.

Haya, maswali. Ndiyo, mama.

Mama ameuliza: amelipa bima ya maisha yote miaka tisa, aivunje? Usivunje chochote leo. Andikia kampuni, omba makadirio mapya ya mkataba wako kama ulivyo sasa: akiba iko wapi, ukivunja utapata ngapi, na je, inaweza kupunguzwa iwe bima ndogo iliyokwisha kulipiwa, usidaiwe tena. Chaguo hilo la mwisho watu wengi hawaambiwi, na ni tunda la ile kazi ya Wright. Kama unahitaji ulinzi mkubwa zaidi, bima mpya ya muda ianze kwanza, ikubaliwe, ndipo uguse ya zamani. Miaka tisa ni mingi, miaka mibaya ya gharama umeshaivuka. Huenda hesabu ikakwambia ubaki nayo.

Kijana wa nyuma anasema kazini ana bima ya bure. Vizuri, ichukue. Mara nyingi ni mshahara wa mwaka mmoja au miwili, na kwa kawaida ukiacha kazi inabaki kwa mwajiri. Kisha angalia umemwandika nani. Kama ulijaza fomu kabla hujaoa, pengine jina ni la kaka yako, na kampuni inalipa jina lililoandikwa, haitaitisha kikao cha ukoo. Kama umeandika watoto wadogo peke yao, kampuni haitamkabidhi mtoto fedha. Itasubiri mlezi anayetambuliwa kisheria, na hiyo ni miezi mahakamani. Jumatatu ukifika kazini, nenda ofisi ya rasilimali watu uombe kuiona fomu yako.