Saa 48 na Fulana ya Mei Mosi

SAUDA: Haya wapenzi, tumerudi. Mussa anacheka hata hatujaanza.

MUSSA: Nacheka kwa furaha, dada. Jumanne nilijua wiki hii ninarekodi na mtu aliyefukuzwa kazi.

SAUDA: Hata mimi nilijua hivyo. Saa nne asubuhi naletewa barua: natuhumiwa kutoa mzigo stoo bila hati, nifike kwenye kikao cha nidhamu saa nane mchana. Siku hiyohiyo! Mkono ulitetemeka, nikashindwa hata kusaini kwamba nimepokea. Nikamkimbilia mama yetu wa tawi la chama cha wafanyakazi.

MUSSA: Yule wa kufungasha?

SAUDA: Huyohuyo. Si mtu wa ofisini, ana mashine yake kama sisi, tulimpigia kura wenyewe. Kaja na aproni yake, kakaa kando yangu, kaisoma barua mara mbili. Halafu kauliza kwa upole, "Hii imetolewa saa ngapi?" Saa nne. "Basi tuonane Alhamisi mchana. Mfanyakazi anapewa saa 48 za kujiandaa, kwa kawaida zisipungue." Wala hakupandisha sauti. Kikao kikaahirishwa.

MUSSA: Saa 48 tu.

SAUDA: Ndizo zilizoniokoa. Nilikwenda getini, mlinzi akafukua faili lake, nakala ya hati ikapatikana, ina sahihi na tarehe. Alhamisi tumeiweka mezani, dakika ishirini nyingi, yamekwisha.

MUSSA: Alhamdulillahi. Halafu mtu anasema kazi ya chama ni kugawa fulana za Mei Mosi.

SAUDA: Umeshafika kwenye fulana!

MUSSA: Wasikilizaji wataniuliza. Mwaka huu umepata saizi gani?

SAUDA: Kubwa mno, mwanangu analalia. Lakini fulana ni kitu, Mussa. Baba yangu anayo ya JUWATA, ile jumuiya ya zamani ya wafanyakazi Tanzania, mpaka leo. Kola imelika, maandishi yamebaki J na U na kipande cha W. Anaivaa akimwagilia mchicha. Mwambie aitupe, hasemi na wewe siku tatu.

MUSSA: Ya JUWATA! Mzee ameanzia mbali.

SAUDA: Ameanzia NUTA, iliyoitangulia, ile ya 1964. JUWATA ikaja 1978. Enzi hizo ni jumuiya moja tu kwa wafanyakazi wote. Leo walimu wana CWT, serikalini na afya wana TUGHE, viwandani tuna TUICO, na juu yao shirikisho, TUCTA. Mzee anasema vyama vimekuwa vingi ila fulana zimekuwa nyepesi.

MUSSA: Mwambie Mzee na mimi nina neno. Hizo fulana nazilipia, na mimi si mwanachama! Sikujaza fomu yoyote. Naangalia hati ya mshahara, nakuta "ada ya uwakala".

SAUDA: Kwa sababu kwenu wanachama wamepita nusu. Chama chenye wengi ndicho kinachojadiliana na mwajiri kwa niaba ya wote, na kikikubaliana naye, sheria ya ajira ya 2004 inaruhusu asiye mwanachama akatwe. Mkataba wa hali bora wanaoufunga hapo unakuhusu na wewe. Posho ya zamu ya usiku ilipopanda, uliirudisha?

MUSSA: Sikuirudisha, niliifanyia kazi. Lakini mtu hajaniomba, kanikata. Hiari yangu iko wapi?

SAUDA: Hukatwi uwe mwanachama. Unachangia meza unayoila.

MUSSA: Meza sikuiagiza.

SAUDA: Ila umekula! Na pesa hiyo inawekwa akaunti yake ya peke yake, kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapohapo kazini.

MUSSA: Nani amenionyesha hiyo akaunti? Na fulana ni maslahi gani?

SAUDA: Mwajiri akiwaona mmepita barabarani mia tatu rangi moja, siku ya majadiliano anakumbuka.

MUSSA: Mimi nakumbuka kilichopungua kwenye mshahara.

SAUDA: Mimi nakumbuka Jumanne. Wenzangu wangekuwa wanachangia wakijisikia, yule mama angejuaje habari ya saa 48? Semina aliyojifunzia nani angeilipia?

MUSSA: Yule mama namheshimu sana. Kukatwa bila kuulizwa sikukubali.

SAUDA: Na mimi sikukubalii wewe. Eh, fundi mitambo ananyoosha vidole vitatu. Dakika tatu! Na tuliahidi kueleza tawi linavyoundwa, wawakilishi wanavyochaguliwa...

MUSSA: Karatasi nzima iko hapa, hatujagusa mstari.

SAUDA: Basi hili moja, andikeni: ukiachishwa kazi kwa uonevu, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikae nyumbani ukilia zikapita. Mengine wiki ijayo.

MUSSA: Jumatatu nakwenda tawini nionyeshwe hiyo akaunti.

SAUDA: Nenda, ni haki yako. Na fomu ziko palepale mezani.

MUSSA: Nitaziona.

SAUDA: Utajaza?

MUSSA: Sijazi.