Udongo wa Mlimani Usioshika Kitu
(Mhadhara kwa wakulima wa bustani za mboga, jijini Mwanza)

Wazee wangu, akina mama, vijana, mwadila.

Nimeombwa nizungumzie mbolea. Nitaizungumzia, lakini mwishoni, na wale ndugu zetu wauza mbolea waliokaa kule nyuma wanivumilie. Sababu ni kwamba wengi wetu tunaolima Igogo, Mabatini, Isamilo na milima mingine ya jiji hili tunamwaga mbolea kwenye udongo ambao hauna cha kuishikia. Ukimwaga asubuhi, mvua ya jioni inaondoka nayo.

Tuanze na hayo mawe yetu. Milima ya Mwanza ni granaiti. Jiwe la namna hii likilika kwa jua na mvua, kwa miaka mingi sana, hutoa vitu viwili: chembe ngumu za mchanga, na vumbi laini ambalo ndilo mfinyanzi. Mchanga ni mzito, unabaki juu. Mfinyanzi ni mwepesi, unateremshwa na maji hadi bondeni. Wazee wa Kisukuma waliliona hilo kabla ya maabara yoyote, ndiyo maana kila hatua ya mteremko wakaipa jina lake. Juu una luseni, mchanga mwepesi. Ukishuka unakuta itogolo, na kwingine ibambasi, ule udongo mgumu unaogoma jembe. Chini kabisa ni mbuga nyeusi. Kwa hiyo mtu wa mlimani anayelalamika kwamba udongo wake ni mbovu hajakosea, ila rutuba yake haikupotea hewani. Imeshuka bondeni, na nyingine imeingia ziwani kulisha magugu maji.

Luseni ina uzuri wake. Inalimika kwa urahisi, mizizi inapenya, maji hayatuami. Shida yake ni kushika. Chembe za mchanga hazina nguvu ya kushikilia chakula cha mmea. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na umeununua kwa hela ya jasho. Mvua kubwa mbili tatu zikipita, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo inakuwa chini ya mizizi ya mchicha, haifikiki tena.

Sasa kuna watu walioishi na mchanga wa namna hii kwa vizazi, tena hawako mbali. Ni Wakara. Kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe, ni granaiti na mchanga kama sisi, na watu wamejaa. Walifanya nini? Ng'ombe walifungwa ndani, kwenye shimo lililochimbwa humo humo nyumbani, wakaletewa majani. Samadi na majani yaliyokanyagwa yakarundikana shimoni, yakabebwa vikapuni hadi shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, yale ya jamii ya mikunde, uwele ukivunwa marejea yakaachwa yakue, kisha yakafukiwa. Penye mteremko wakajenga kuta za mawe. Miti ilikuwa na mwenyewe, hata majani yake.

Kinachonifikirisha zaidi ni hiki: Wakara waliohamia bara, kulikokuwa na ardhi tele, wengi waliacha kazi hiyo yote. Si kwamba walisahau. Hawakuona haja ya kubeba vikapu vya samadi wakati msitu mpya upo hatua chache. Basi kazi ile ilitokana na kukosa pa kwenda, na mimi naona mkazi wa mlimani hapa jijini, mwenye kiwanja cha hatua ishirini, yuko hapo hapo walipokuwa Wakara. Ardhi nyingine hana. Kando ya ziwa nako sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzuia udongo usishuke, na hapo Mwanza hatuna kisingizio, mawe tunayo. Tafuta usawa wa mteremko kwa fremu A: miti miwili mirefu iliyofungwa juu, mmoja mfupi wa kukatiza, na kamba yenye jiwe inayoning'inia. Ukishapata mstari, chimba mfereji wa kina cha kiganja, weka mawe makubwa chini, madogo nyuma yake. Usijaze udongo mara moja. Mvua za vuli zitauleta zenyewe, utaona unajikusanya nyuma ya ukuta. Juu ya ukuta panda mabingobingo, yashike ukingo na yampe mbuzi chakula.

Kazi ya pili ndiyo kubwa, na ndipo nataka tukae: kuupa mchanga kitu cha kushikia. Vitu hivyo ni viwili, mfinyanzi na mboji.

Mfinyanzi unaupata kwenye kichuguu. Mchwa wameshakufanyia kazi ya kuutoa chini. Ponda, chekecha, changanya na mchanga wako. Udongo wa mbuga nao unafaa, ukikaushwa na kupondwa. Ibambasi iache ilipo, ina chumvi chumvi itakayokuharibia bustani nzima.

Mboji mnaijua, lakini niseme juu ya malighafi za huku kwetu, maana vitabu vingi vimeandikwa kwa watu wa Arusha. Sisi tunayo magugu maji, ambayo yalionekana upande wetu wa ziwa kuanzia miaka ya 1990 na bado tunahangaika nayo. Ni maji karibu yote, kwa hiyo usipande mlima umebeba mabichi. Yanyaushe hapo hapo ufukweni siku mbili tatu, yatapungua uzito sana. Yakatekate, panga tabaka moja la magugu, moja la nyasi kavu au maganda ya mpunga yanayorundikwa nyuma ya mashine za kukoboa, juu yake samadi kidogo. Maganda peke yake usiyategemee, yanachelewa mno kuoza, na maranda ya mbao ni mabaya zaidi. Yakiwa mengi yanaunyang'anya mmea naitrojeni. Rundo likifanya kazi, chomeka chuma katikati, kikitoka ukashindwa kukishika ujue mbegu za magugu zinakufa. Pindua, nyunyiza maji, subiri miezi miwili hadi mitatu. Ila magugu ya karibu na mdomo wa mto Mirongo au bomba lolote la maji machafu msiyaguse. Mmea ule unafyonza madini mazito, na sisi hatupandi mboga ili kujilisha sumu.

Kuna pia vumbi la mkaa linalobaki chini ya magunia ya wauza mkaa. Linashika maji na chakula vizuri. Lichanganye kwenye rundo la mboji kwanza, likishiba ndipo liende bustanini.

Marejea nayo, kama una tuta unaloweza kulipumzisha msimu mmoja, pande mvua za kwanza, ufukie yanapoanza kutoa maua. Kwa mkulima wa nyanya ni dawa hasa: yanapunguza wale minyoo wadogo wanaofanya mizizi iwe na vinundu, na minyoo hao wanapenda mchanga. Angalia tu mbuzi, baadhi ya marejea yana sumu kwa mifugo.

Kuhusu matuta, nitakuwa mkali kidogo. Kila mtu anainua tuta kwa sababu ameona picha. Tuta la kuinuka ni la mbuga, maji yatoke. Kwenye mchanga wa mlimani wakati wa kiangazi, lima tuta la mbonyeo, chini ya usawa wa ardhi, utandaze nyasi juu. Utamwagilia mara chache, na wanaopandisha ndoo kutoka bombani wanaelewa ninachosema.

Sasa mbolea ya dukani. Ukishafanya hayo, itumie, haina dhambi. Kidogo kidogo, mara nyingi, kamwe si yote siku moja. Samadi iliyoiva, debe moja kwa eneo la mita mbili kwa mbili na nusu, inatosha kuanzia.

(Swali kutoka kwa mzee mmoja: “Bwana shamba, na majivu?”)

Majivu ni mazuri, mzee wangu, yana potasi na chokaa. Konzi chache kwa mita moja ya mraba, mara moja kwa msimu. Usiyachanganye na mbolea ya kuku mbichi wala urea. Harufu ile kali itakayokupanda puani ndiyo naitrojeni yako inaondoka.

(Mama mmoja: “Mimi kwangu ni jiwe tupu. Hata pa kuchimba hakuna.”)

Mama yangu, wewe chukua gunia. Sehemu mbili mchanga, moja udongo wa kichuguu, moja mboji. Katikati simamisha kopo lisilo na matako, lijaze kokoto, kisha livute juu kadiri unavyojaza udongo, ubaki mhimili wa kokoto kuanzia chini hadi juu; hapo ndipo utamwagia maji. Toboa ubavuni, pachika miche ya sukuma wiki au vipande vya matembele. Ila usiliegemeze kwenye jiwe linalopigwa na jua la mchana, jiwe linashika joto hadi usiku na mizizi itaungua. Liweke upande wa mashariki wa nyumba, lipate jua la asubuhi, na chini yake weka matofali mawili ili maji yatoke.