Carmen hakuua mtu

Haya jamani karibuni, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo naongelea yule mwanamke wa kwenye opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa, anayesemwa kila siku kawaponza wanaume, na nitakaa na mmoja tu, Carmen, maana huyu ndo kaonewa kuliko wote.

Opera yake aliitunga Mfaransa Georges Bizet, ikaonyeshwa mara ya kwanza Paris tarehe 3 Machi 1875, Opéra-Comique, ukumbi ambao watu walikua wanaenda na familia zao, hata wazazi wanawakutanishia humo vijana wa kuoana, alafu siku hiyo wanamkuta jukwaani dada wa kiwanda cha sigara anajichagulia mwanaume anayemtaka na mwisho anachomwa kisu mbele yao. Magazeti mengi yakaiponda. Miezi mitatu baadae Bizet akafariki, ana miaka 36 tu, hakuona ilivyokuja kupendwa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sikilizeni ile Habanera, wimbo Carmen anaoingia nao. Selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, zinarudia noti nne zilezile karibu wimbo mzima, na sauti ya Carmen inateremka nusu noti kwa nusu noti, taratibu, hana haraka. Anasema nini? Nikikupenda, jihadhari. Mtu kakuonya mchana kweupe mbele ya kadamnasi, utasemaje kakutapeli?

Ni kweli kiwandani alimchana mwenzake usoni kwa kisu, siwezi kuficha hilo. Ila hajaua.

Sasa José, yule askari aliyempenda Carmen. Ua alilotupiwa na Carmen kakaa nalo lupango mpaka likanyauka, alipotoka anamwimbia jinsi lilivyokua bado linanukia, na wimbo wenyewe mtamu mno, mi kila nikiusikia machozi yananitoka. Hapo ndo tunaponaswa, tunaanza kusema masikini kijana wa watu kalishwa limbwata. Hajalishwa kitu!

Njooni mwisho kabisa, mjini Sevilla, Hispania, Carmen kashamwacha José, yuko na mpiganaji wa ng'ombe, nje ya uwanja wa mapigano ya ng'ombe. Rafiki zake Carmen wameshamwonya, José yupo hapa, ondoka, na karata za kupigia ramli zilishamtolea kifo zamani, yeye kabaki. José anamlilia warudiane, anajibiwa nimezaliwa huru na nitakufa huru. Carmen anavua pete aliyopewa na José, anamtupia. Kisu. Huku ndani watu wanaimba kumshangilia yule mpiganaji, hawajui hata kinachoendelea getini. Wakitoka wanamkuta José juu ya maiti anawaambia nikamateni, mimi ndo nimemuua.

Kasema mwenyewe, jamani, kwa mdomo wake!

Ngoja niwawekee hicho kipande sasa, ni kifupi, kwaya ya kule ndani isiwapite.