Norman Lear na Sentensi Aliyokataa Kuifuta

Ndugu waandishi, naanza na uongo mmoja wa Norman Lear, mwandishi na mtayarishaji wa vichekesho vya televisheni Marekani. Mwanzoni alikuwa mchuuzi Los Angeles, akigonga milango ya watu kuuza fanicha; usiku akiandika vichekesho na mwenzake Ed Simmons. Siku moja akampigia simu wakala wa mchekeshaji Danny Thomas, akajifanya mwandishi wa New York Times, akapewa namba. Thomas akanunua kichekesho chao. Sisemi mdanganye mawakala! Lakini ndivyo alivyoingia.

Mimi kinachonivuta zaidi ni tarehe 12 Januari 1971, usiku kilipoanza kipindi chake cha televisheni, All in the Family. Kituo cha ABC walishakigharamia kipindi hicho mara mbili kwa majaribio, na mara zote mbili wakakitema. Kituo kingine, CBS, wakakichukua, huku roho mkononi. Katika onyesho la kwanza Archie Bunker, mhusika mkuu, na mkewe wanawahi kurudi kutoka kanisani, wanamkuta binti yao na mumewe wametoka tu faraghani. Archie anang'aka: saa tano na dakika kumi, asubuhi ya Jumapili! Hakuna tusi hapo. Ni saa tu. Lakini CBS wakataka sentensi hiyo ikatwe. Lear akajibu kwamba ikikatwa, naye anaondoka. Ikabaki. CBS wakaongeza watu wa kupokea simu za malalamiko. Simu zilizokuja zikawa chache.

Mtasema alikuwa mkaidi. Ndiyo, ila alikuwa na kiti cha mtayarishaji. Mwandishi mtupu angeambiwa ahsante, muswada tunao, kwaheri. Na Archie hakubuniwa tu kichwani: babake Lear, aliyefungwa jela mwanawe akiwa na miaka tisa, ndiye aliyekuwa akimwamrisha mkewe anyamaze, kama Archie. Mtu hafuti kirahisi sauti aliyoisikia mezani kwao.

Kipindi kikaongoza kwa watazamaji Marekani misimu mitano mfululizo. Vipindi vyake vingine vikafuata: Maude 1972, Good Times 1974.

Ukaidi huo lakini haukumziba masikio. Kwa maelezo yake, wanachama wa Black Panther, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, walimvamia ofisini wakilalamika: mbona baba mweusi wa Good Times anahangaika na vibarua tu, haachi kuwa maskini? Mwaka 1975 ikaja The Jeffersons, mweusi mwenye maduka ya dobi anahamia ghorofa la matajiri. Ilidumu misimu 11.

Haya, fungueni miswada. Nani ameambiwa afute sentensi wiki hii? Isome.