Kabla ya Neno la Kwanza: Dakika Nne za Mwanzo wa The Lion King

Ndugu zangu wanafunzi, na walimu mliotenga muda kuja, karibuni. Mada yetu ni namna filamu ya katuni inavyomtia mtazamaji katika hali fulani ya moyo tangu picha ya kwanza. Nimechagua mfano ambao karibu kila aliyemo humu ameuona: mwanzo wa The Lion King, filamu ya Disney ya mwaka 1994 iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff. Kisa mnakijua, kwa hiyo hatutapoteza muda kukisimulia. Leo tuulize tu kwa nini kinatushika vile.

Kwanza kumbukeni jambo moja kuhusu kazi hii. Anayepiga picha kwa kamera porini anaweza kubahatisha: jua likachomoza vizuri, vumbi likatimka, ndege wakapita. Mchoraji wa katuni habahatishi. Asipochora vumbi, hakuna vumbi. Filamu hupita fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, na sehemu hii ina kama dakika nne, yaani fremu zaidi ya 5,700. Kila kivuli mnachokiona humo, kuna mtu aliamua kiwepo. Ndiyo maana nawasihi wanaoanza fani hii wajifunze kutoka katuni hata kama ndoto yao ni filamu za waigizaji. Humo kila uamuzi uko wazi.

Sasa tazameni. Kioo ni cheusi. Kisha jua na sauti vinakuja pamoja. Sauti hiyo ni ya Lebo M, mwanamuziki wa Soweto aliyekuwa ameishi Marekani uhamishoni, na anaita kwa Kizulu. Maneno yake yanatangaza kwamba simba anakuja. Lakini machoni hakuna simba, wala hataonekana mpaka safari ya wanyama ifike mbali. Sikio limepewa habari kabla ya jicho. Hata asiyejua Kizulu anatambua kuwa huu ni mwito, kwa sababu picha zinazofuata zinamwonyesha nani anaitika. Kifaru anainua kichwa. Swala anainua kichwa. Nguchiro wanasimama, duma anatazama. Wote wanaelekeza macho nje ya kioo, kwenye kitu ambacho sisi hatujaonyeshwa.

Hapo ndipo hali ya moyo inapozaliwa, na naomba mpaangalie sana. Wengi hudhani hisia ya utukufu inatokana na ukubwa wa mandhari. Mandhari inasaidia, sikatai. Lakini ungeweza kuchora jua kubwa zaidi ya lile na mtu akapiga miayo. Kinachotubana ni kuona viumbe wasiofanana, wawindaji na wawindwao, wakisikiliza kitu kimoja. Tunaingia katika usikivu wao, na bila kuambiwa tunakaa kama watu waliofika kwenye hafla.

Ndipo safari inaanza, na wachoraji wanafungua nafasi. Kuna picha ya sisimizi wamebeba vipande vya majani juu ya tawi, wako karibu kabisa na jicho letu. Mara ukungu wa picha unahama: sisimizi wanafifia, na nyuma yao, mbali, wanatokea punda milia wakikimbia. Katika kamera ya kawaida huko ni kuzungusha lenzi tu. Katika katuni hakuna lenzi. Tabaka la mbele na tabaka la nyuma vimechorwa kila moja peke yake, na kompyuta ikavififisha kwa zamu kwa mfumo ulioitwa CAPS, ambao Disney waliutengeneza pamoja na Pixar. Zamani kazi ya namna hii ilifanywa kwa vioo vilivyopangwa ngazi kwa ngazi chini ya kamera, na mwanzo wa Bambi wa mwaka 1942, tunapopenya msituni taratibu, ulijengwa hivyo. Katika picha ile moja ya sisimizi tumejua kwamba mwito umewafikia wadogo na wakubwa.

Niseme kidogo juu ya ukweli wa mahali. Watengenezaji walisafiri hadi Kenya kuchora na kutazama, na mwanga wa nyika wameupata; hilo nawapa kwa moyo wote. Ila sisimizi wakata majani wa aina ile makao yao ni bara la Amerika. Na lipo kubwa kuliko hilo: katika nyika yote ile hakuna boma, hakuna ng'ombe, hakuna moshi wa jiko. Ukimya wa watu ni sehemu ya hali iliyojengwa, kwa sababu unaifanya nchi ionekane kama siku ya kwanza ya dunia. Sisi tunaojua nani amechunga mifugo katika nyika hizo vizazi kwa vizazi tuna haki ya kulitaja hilo, na nyinyi mtakapochora nyika yenu mna haki ya kuamua vingine.

Turudi kwenye filamu, kwenye mwamba wa mfalme ambako safari ya wanyama inaishia. Nyani mzee aitwaye Rafiki anapita katikati ya wanyama na fimbo yake yenye vibuyu, anamkumbatia Mufasa, simba mfalme, anampaka mtoto wa mfalme maji ya tunda kwenye paji la uso, anamnyunyizia vumbi. Mtoto anapiga chafya. Hiyo chafya naipenda kuliko machweo na mawio yote ya filamu hii, maana bila hiyo sherehe ingekuwa ya sanamu. Kisha mtoto anainuliwa, wanyama wanapiga kwato, mawingu yanafunguka, halafu wanyama wanainama. Ngoma moja inapigwa, kioo kinakuwa cheusi, jina la filamu linatokea.

Mmesikia mhusika yeyote akizungumza? Hakuna. Mpango wa awali ulikuwa na mazungumzo humu, lakini waongozaji waliposikia muziki ambao Hans Zimmer na Lebo M walikuwa wameujenga juu ya wimbo wa Elton John na Tim Rice, wakayaondoa. Sehemu hii ikatolewa nzima kama trela mwezi Novemba 1993, wakati filamu yenyewe bado haijakamilika.

Sasa angalieni kinachofuata mara moja, maana hapa ndipo ilipo hoja yangu yote. Tumetoka kwenye jua, tunaingia pangoni. Panya mmoja mdogo anatambaa, mkono wa simba unamnasa, na neno la kwanza kusemwa katika filamu nzima linatoka kwa Scar, ndugu wa Mufasa, akilalamika kwamba maisha hayana haki. Yeye ndiye ambaye hakuhudhuria sherehe. Kwa dakika nne tumefundishwa kwamba hapa kila kiumbe anaitika mwito, na wa kwanza kufungua kinywa ni yule asiyeitika. Hatuhitaji kuambiwa kwamba ni hatari. Baridi ya pango tunaisikia mwilini kwa sababu tulikuwa juani. Baadaye, Scar anapotawala, mwamba ule ule unarudi ukiwa wa kijivu na nchi imekauka, na tunaumia kwa kuwa tuliuona ulivyokuwa.

Njia si hiyo moja. WALL-E, filamu ya katuni ya mwaka 2008, kazi ya Andrew Stanton, inafunguka kwa wimbo mchangamfu wa zamani wa jukwaani, huku macho yanaona dunia iliyofukiwa na takataka. Pale sauti na picha vinagombana, na upweke unatokea kati yake. Lakini kanuni ya kuchelewesha mazungumzo ni ile ile.

Wiki ijayo kila mmoja alete ubao wake wa michoro, yaani picha zilizopangwa kwa mfuatano, ya dakika mbili za kwanza za filamu yake. Msiniletee maelezo ya hadithi. Nitauliza mambo mawili: nani anazungumza kwanza, na kabla hajazungumza mmetupa nini ambacho yeye anakuja kukivunja.